Kupepeta Risasi

Kazi yangu ni kutafuta uchafu. Nimeajiriwa na kiwanda kimoja cha vyakula vya makopo huko Mobeni, Durban. Kila asubuhi navaa kofia ya wavu na koti jeupe, nachungulia chini ya mikanda ya mashine, napitisha kidole kwenye kingo za matangi, halafu nachagua makopo machache na kuyamwaga kwenye trei nyeupe nione yamebeba nini. Nimeshakuta unywele, bawa la mende, plasta iliyotoka kwenye kidonda cha mtu, na siku moja ukucha wa bandia uliopakwa rangi nyekundu. Nikialikwa kula kwa mtu, natazama kucha za mpishi kabla ya kutazama chakula. Najua si adabu. Mama yangu kule Nakuru aliwahi kuniambia kwamba nitazeeka peke yangu nikinusa vikombe.

Labda ndiyo maana nilipenda kulenga shabaha. Mwenzangu wa stoo ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza kwenye klabu moja nje ya mji, mahali mashine inaporusha visahani vya udongo hewani na wewe unavifyatulia bunduki ya marisawa. Sikuwa nimewahi kushika bunduki. Kwetu bunduki ilikuwa ya polisi au ya mwizi, na zote mbili unazikimbia. Kisahani cha tatu nilikivunja. Kilipasuka kikawa vumbi jeusi juu ya majani, na nikagundua kwamba kwa saa mbili nzima sikuwa nimenusa kitu wala kukagua kitu. Mwaka uliofuata, nikiwa tayari na ukaazi wa kudumu, nilisoma kozi, nikapata cheti na leseni, nikanunua bunduki kuukuu ya mitutu miwili kutoka kwa daktari wa meno aliyekuwa anahamia ng'ambo.

Kumbe bunduki ndiyo rahisi. Kinachomaliza mshahara ni risasi. Raundi moja ni visahani ishirini na tano, na kila kisahani kinakula risasi moja. Nilikuwa napiga raundi moja kwa mwezi, halafu nakaa kwenye benchi kuwatazama wenzangu wakipiga ya pili na ya tatu. Ndipo nikaamua kujifunza kushindilia risasi mwenyewe. Watu wengi wa klabu walikuwa wanafanya hivyo, na walisema mtu akiwa mvumilivu anaweza kuanza kwa pesa kidogo.

Mambo yenyewe si mengi. Risasi ya marisawa ni ganda la plastiki lenye kitako cha shaba. Ikishafyatuliwa, ganda linabaki. Unatoa kwenye kitako fataki ya kuwashia, iliyokwisha kuungua, unaweka mpya, unamimina baruti iliyopimwa, unasukumia kikombe kidogo cha plastiki, unajaza marisawa ndani ya kikombe, yaani zile punje za metali ya risasi, kisha unakunja mdomo wa ganda ujifunge. Mashine ya mkono ndiyo inayokusaidia, na kitabu cha vipimo ndicho kinachokuzuia usijilipue. Nilifikiri kazi kama hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa mizani na glavu kama mimi.

Mashine niliipata kwa mjane mmoja aliyekuwa anauza vitu vya gereji ya marehemu mumewe. Aliniambia nichague mwenyewe kwa sababu yeye hawezi kuingia mle, na nilipofungua mlango nikajua sababu. Panya walikuwa wameishi mle miaka. Mashine ilikuwa imefunikwa gamba la mavi yao, madogo na makavu kama mbegu za chia, na katika kikopo chake cha marisawa kulikuwa na kiota cha karatasi na vitoto vitatu vya panya vilivyokauka. Mpini wake ulikuwa na utando mweusi wa jasho la marehemu, nene kiasi cha kukwanguliwa kwa kisu. Nililipa, nikaibeba kwenye mifuko miwili ya taka, na nikaiosha mara tatu kwa dawa ya kiwandani. Hata baada ya hapo sikuwahi kuushika mpini ule kwa mkono mtupu.

Maganda yalikuwa ya bure. Klabu ilimruhusu mtu kuokota yaliyotupwa chini. Wakati wengine wanakunywa bia nilikuwa nimeinama kwenye matope na ndoo. Sijui kwa nini wanaume hutemea mate mahali wanaposimama kupiga bunduki, lakini hutema, na mate yao hukaa juu ya maganda. Ndani ya maganda nilikuta vichungi vya sigara, chingamu iliyotafunwa, konokono wasio na nyumba, na nyigu mmoja aliyekuwa hai. Ganda lililofyatuliwa lina harufu yake, kali kama mkojo wa paka, na mengi yakiwa ndani ya ndoo moja na jua la Durban juu yake, yanakukaba koo. Niliyaosha kwenye ua nyuma ya nyumba ninayopanga. Maji yalitoka kijivu, yakatoka kijivu tena.

Risasi zangu za kwanza zilikuwa aibu. Moja ilitoa sauti ya mtu anayekohoa kwenye blanketi, na marisawa yakamwagika hatua chache mbele yangu kama mtama. Nilikuwa naweka nyingine nipige tena niliposikia mtu nyuma yangu akiniambia kwa Kiingereza, bila kupaza sauti, nisiguse kitu. Alikuwa mzee mmoja wa klabu, mwenye yadi ya malori huko Clairwood. Alichukua bunduki, akaikunja kufungua mitutu, akanionyesha mtutu kwenye mwanga. Kile kikombe cha plastiki kilikuwa kimekwama katikati. Kama ningefyatua tena, alisema, mtutu ungepasukia mkononi mwangu. Alikitoa kwa ufito wa mti, akaufuta ufito kwenye suruali yake, na akanikaribisha Jumamosi kwenye yadi yake anifundishe vizuri. Hilo siwezi kumnyang'anya hata leo. Vidole vyangu kumi vipo kwa sababu yake.

Yadi ilikuwa upande wa pili wa barabara ya makontena, kule ambako malori ya bandarini yanapanga foleni tangu alfajiri na kila kitu kina ngozi ya dizeli. Mzee alikuwa na malori mengi. Sikuyahesabu, lakini yalijaza uwanja. Hata hivyo alifunga suruali kwa kipande cha mkanda wa kufungia mizigo, na ofisini kwake kulikuwa na kamba iliyoanikwa mifuko ya chai iliyokwisha kutumika, ikauke, itumike tena. Aliniambia kwa fahari kwamba mfuko mmoja unatoa vikombe vinne. Alinipa cha nne. Nilikishika mkononi mpaka kikapoa, halafu nikamwagilia mmea.

Lakini mwanzoni nilimheshimu. Nilifikiri ubahili wake ni aina ya ufundi. Maganda aliyaoshea kwenye mashine ndogo ya kuchanganyia saruji, na yalitoka yaking'aa. Vifaa vyake vingi alivitengeneza kwa vyuma vya malori. Alinifundisha kutambua ganda lililochoka kwa kuligusa mdomo tu, na jinsi ya kusikia kwa mkono kikombe kinapokaa sawa juu ya baruti. Jambo moja tu tulibishana: yeye alichota baruti kwa kikombe alichokata mwenyewe, akasema mizani ni ya watu waoga, na kila alipofungua kitabu cha vipimo alilamba kidole. Nilimwambia mimi ni mwoga, nikapima kila moja. Kurasa za kitabu chake zilikuwa zimegandana kwa mate ya miaka.

Nilienda Jumamosi nyingi. Chumba chenyewe kilikuwa kontena kuukuu nyuma ya yadi, na ukutani kwake kiliegemezwa kibanda cha bati kilichokuwa jiko la madereva. Jiko hilo lilikuwa na mpishi mmoja, mwanamke wa Uvira, Kongo, mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye siku ya kwanza alinisikia nikizungumza kwa simu na dada yangu akatoka kunitazama.

"Weye uko wa wapi, unasema Kiswahili ya kitabu?" aliniuliza.

Nilimwambia Kenya. Akacheka, akaniletea sahani ya maharage na ugali bila kuulizwa. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi saa saba, sahani ilikuja. Ilikuwa ajabu kwangu, kwamba nilikula bila kutazama kucha. Maharage yake yalikuwa na kitunguu kilichoungua kidogo na pilipili nzima iliyoelea juu, kama ya bibi yangu. Alinisimulia kuhusu binti yake wa miaka minne, na jinsi alivyotembea na kupanda magari mpaka akafika huku, na jinsi tumbo lake linavyomkaza siku hizi, haendi chooni siku tatu, na mdomo una ladha ya sarafu. Nilimwambia ni asidi. Nilimnunulia vidonge.

Katika vitu vyote vya kushindilia, marisawa ndiyo ghali. Mfuko mpya ni mdogo lakini ukiubeba mkono unashuka, kwa sababu ni metali tupu, na bei yake ilinifanya nikae chini. Mzee alikuwa na jibu. Alikuwa amepatana na klabu achukue udongo wa pale marisawa yanapoangukia baada ya kupigwa. Miaka mingi ya watu kukosa shabaha ilikuwa imelala pale. Aliubeba kwa bakkie yake, pikapu ya zamani, ndani ya magunia, na baada ya muda ndoo za marisawa safi zilitokea mezani, kijivu na kavu. Aliniuzia kwa chini ya nusu ya bei ya dukani. Nilinunua ndoo nzima. Sikumuuliza yanasafishwa vipi. Mimi, ambaye nalipwa kuuliza kila kitu kimepita wapi, nilibeba ndoo yangu nikashukuru.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua. Nilikuwa nimeketi kwenye kreti mlangoni mwa kontena na sahani mapajani, na nilipotafuna tonge la tatu kitu kikagonga jino. Nilifikiri ni jiwe. Nilikitema kwenye kiganja. Kilikuwa kipunje cha duara, kijivu, upande mmoja kimebanwa kidogo na gego langu. Nilikuwa nimeyamimina maelfu yake kwa mkono wangu, sikuhitaji mtu aniambie ni nini. Kwa Kiswahili tuna neno moja tu, risasi, kwa ile inayoua ikiruka na kwa ile metali yenyewe, inayoua taratibu ikiliwa.

Nilisimama nikaingia jikoni.

Ungo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari. Katika misuko yake, mahali ukindu unapopishana, punje zilikuwa zimejipanga kama mayai ya chawa kwenye nywele. Kwenye jiko la gesi kulikuwa na sufuria mbili kubwa, moja ya maharage, na nyingine tupu, yenye mstari wa kijivu kuizunguka ndani. Chini, kando ya gunia la maharage, kulikuwa na magunia mawili ya udongo wa klabu.

"Dada," nilimwambia, "huu ungo unafanyia nini?"

Hakuona tatizo. Alifurahi kwamba nimeuliza. Aliushusha, akachota udongo kwa kopo, akanionyesha. Mikono yake ilirusha na kupokea, kurusha na kupokea, na vumbi likapanda likasimama hewani mbele ya uso wake, likamshukia kwenye kope na midomo, na likashuka pia kwenye sufuria ya maharage iliyokuwa wazi. Ndani ya ungo yalibaki marisawa, safi, yakitoa sauti ya mvua ndogo. Alieleza kwamba mzee alikuwa anahangaika na machujio, mpaka siku moja alipomwona yeye akipepeta maharage, akamwuliza kama anaweza kupepeta na hii. Baada ya kupepeta anayaosha ndani ya beseni, anayakausha kwenye sufuria juu ya moto. Halafu anaosha sufuria. Alinyoosha kidole kwenye beseni. Vijiko vya madereva vilikuwa vimelowekwa humo.

"Minaosha na maji mingi," alisema. "Iko bien, iko muzuri."

Ulimi wangu ulikuwa unatafuta ile ladha ya sarafu na nilikuwa na hakika nimeipata. Nilimwambia hiyo ni sumu. Nilimwambia asipepete tena, vumbi ndilo baya kuliko yote, linaingia kwenye damu, na tumbo lake si asidi. Aliusimamisha ungo. Alinitazama, si kwa hofu bali kama mtu aliyetukanwa jikoni kwake.

"Bato banakula hapa kila siku," alisema. "Hakuna mutu amekufa."

Nilimuuliza kama anabeba chakula nyumbani. Alinionyesha kopo la plastiki lenye kifuniko, tayari limejaa, la mtoto.

Nilimkuta mzee ofisini. Sikumbuki yote niliyosema, nakumbuka tu kwamba niliweka ile punje mezani kwake juu ya karatasi na yeye akaichukua kwa vidole viwili, akaitazama, akaidondosha kwenye kopo la zilizobaki. Haikupotea. Kisha alisema kwamba yeye ameshika risasi miaka hamsini na yupo hai, kwamba mpishi analipwa ziada kwa kazi ya Jumamosi, kwamba alimwambia atumie vyombo tofauti. Baadaye mpishi aliniambia hakuna siku aliyoambiwa hivyo. Nilipouliza kwa nini mtu mwenye malori yote yale hawezi kununua sufuria moja na chujio moja, hakukasirika. Alinitazama kama mwenye huruma.

"Umenunua ndoo nzima kwa bei ile," alisema. "Ulidhani inasafishwa na malaika?"

Niliendesha gari mpaka kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, nikafungua mlango na kutapika barabarani, na dereva wa lori nyuma yangu akapiga honi. Nyumbani nilisugua mikono mpaka ngozi ikauma. Lakini kilichonitia kinyaa siku ile si punje, wala ungo, wala hata mzee na kamba yake ya mifuko ya chai. Nimezoea uchafu wa watu. Nilikaa jikoni nikitazama visanduku vyangu vya risasi nilizopanga kwa usafi, vimeandikwa tarehe kwa kalamu, na nikaona kwamba nilikuwa nimeokoa pesa zangu ndani ya mapafu ya yule mwanamke. Na sahani aliyonipa kila wiki ilikuwa zawadi.

Wiki ile nilimpeleka yeye na mtoto wakapimwe damu. Alikataa mara mbili kwa simu, mara ya tatu nikataja mtoto, akaja. Alivaa nguo ya kanisani. Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Yake yalikuwa mabaya, nesi alisema mwili wake umebeba risasi kwa muda mrefu. Ya mtoto yalikuwa juu kuliko inavyotakiwa kwa mtoto, si sana, lakini nesi alisema kwa mtoto hakuna kiasi kidogo. Dawa ya kwanza, alisema, ni kuacha kuila.

Hapo ndipo nilipofanya jambo nililokuwa na hakika ni sahihi. Niliandika ripoti. Ni kazi yangu, naijua. Nilieleza jiko, sufuria, ungo, umbali kati ya magunia ya udongo na magunia ya chakula, nikaweka na picha, nikaipeleka kwa wakaguzi wa kazi. Sikumwambia yeye. Nilidhani nikimwambia ataogopa, na nilidhani wakaguzi watamlazimisha mzee anunue vyombo vipya na kuhamisha udongo. Wakaguzi walikuja kweli, na walifanya kazi yao vizuri. Wakampa mzee orodha ya mambo ya kurekebisha. Mzee aliisoma orodha, akapiga hesabu yake, na akaona ni rahisi zaidi kufunga jiko. Kibanda kilibomolewa siku ileile na mabati yakahifadhiwa. Madereva wakaambiwa waje na mkate wao. Mpishi akaambiwa asirudi.

Alinipigia simu jioni ile. Hakupaza sauti.

"Weye umeona buchafu," alisema. "Mie niliona kazi. Ungeniuliza kwanza."

Nilianza kumweleza kuhusu damu yake na mtoto. Alisema anajua, yeye ndiye aliyetobolewa mkono. Alisema alikuwa ameshaacha kupepeta, tangu siku ya majibu, alikuwa amemwambia mzee hapana, na ameshanunua sufuria yake ndogo ya kupikia chakula cha mtoto. Alikuwa anatafuta kazi nyingine polepole, huku akila mshahara wa hii. Mimi sikujua hayo. Sikuwa nimeuliza. Kisha akakata.

Ndoo ya marisawa niliirudisha Clairwood. Sikuweza kuitupa kwenye taka, na sikuweza kulala nayo nyumba moja. Niliiweka mezani kwa mzee nikamwambia sitaki pesa. Yeye alikuwa mtu wa haki kwa namna yake ya kuchukiza: aliipima, akatoa nilichokwisha kutumia, akanisukumia noti na sarafu juu ya meza, na sarafu zilikuwa na unyevu wa vidole vyake. Nilizibeba ndani ya karatasi. Klabu ile niliiacha. Wanachama wawili walinipigia kuniambia nimemwonea mzee wa watu, na kwamba sasa hakuna atakayewasafishia marisawa. Mmoja wao aliniuliza, kwa upole kabisa, kama namjua mpishi mwingine.

Sikuacha kushindilia. Watu hushangaa nikisema hivyo. Nanunua marisawa mapya, mfuko mmoja kwa miezi mingi, nashindilia kwenye kibanda cha bustani na si ndani ya nyumba, na glavu, na nguo ninazoziacha mlangoni. Nimerudi kwenye raundi moja kwa mwezi, kwenye klabu nyingine, mbali zaidi. Kisahani kikipasuka, furaha ya zamani huja. Haikai sana.

Kwa miezi miwili mpishi hakupokea simu zangu. Nilimtumia ujumbe wenye tarehe ya kipimo cha pili, na saa, na kwamba gari litamngoja. Sikutegemea. Alikuja na mtoto amembeba mgongoni ingawa mtoto ni mkubwa wa kutembea. Ndani ya gari hatukuzungumza sana. Namba yake ilikuwa imeshuka. Ya mtoto ilikuwa imeshuka zaidi, na nesi alimpa mtoto kibandiko cha nyota, naye akakibandika kwenye paji la uso la mama yake.

Nje alinisimamisha kwenye ukuta, kwenye kivuli. Aliniambia sasa anapikia watu wa saluni mjini, nyumbani kwake, fufu na sombe ya majani ya muhogo, anabeba mwenyewe kwa taxi saa sita. Si pesa kama za mzee. Lakini tumbo limefunguka. Nilimwambia nataka kumnunulia sufuria nzuri, kubwa, mbili kama anahitaji, na pale pale nikajisikia nikifanya lile lile.

Alinitazama akiwa bado na nyota kwenye paji.

"Sufuria iko," alisema. "Kama unapenda kusaidia, uniulize niko na lazima ya nini."

Nikamuuliza. Alifikiri kidogo, akamvuta mtoto juu mgongoni, akasema anahitaji mtu wa kumwandikia barua kwa shule, ya kumwombea mtoto nafasi ya chekechea, kwa Kiingereza kizuri. Tulirudi kwenye gari. Niliiandika pale pale, juu ya usukani, yeye akinitajia jina la mtoto herufi moja moja.